Jaji Asiyemeza

Kabla sijafundishwa kuonja sake, ile pombe ya mchele ya Wajapani, nilifundishwa kuitema. Mpishi mkuu wa mkahawa ninaofanyia kazi, Mjapani wa makamo ambaye sote humwita Shefu, alinisimamisha mbele ya sinki siku moja baada ya wateja wa mchana kuondoka. Akanipa kikombe cha maji matupu, akaniambia niyavute pamoja na hewa, niyazungushe mdomoni, kisha niyatoe kwa mstari mmoja mwembamba bila tone kubaki kidevuni. Nililowesha aproni yote. Wenzangu wa jikoni walicheka hadi wakaegemea friji. Shefu hakucheka. Alijaza kikombe tena.

Mkahawa uko upande wa Lavington, na mimi naishi Kawangware 46, kwa hivyo huenda kazini kwa miguu. Nilikuwa nimehudumia meza pale kwa miaka, nikiijua sake kama unavyolijua gari la jirani: rangi naijua, mwenyewe namjua, ila ndani sijawahi kukaa. Sinywi pombe. Nimeokoka tangu nikiwa kidato cha pili, na hata kabla ya wokovu sikuwa na hamu nayo, maana mama yangu alitulea kwa kupika busaa Kibera, na harufu ya busaa ilikuwa kwenye sare yangu ya shule, kwenye blanketi, kwenye nywele. Mtoto aliyelelewa na pombe hana haja ya kuitafuta.

Kilichonifikisha kwenye lile sinki ni sheria ya mashindano. Wenye mikahawa na waagizaji wa vinywaji wa kanda yetu ya Afrika Mashariki hukusanya chupa za sake mara kwa mara na kuzishindanisha, kila safari katika mji tofauti. Kanuni wamezinakili kutoka Japani, ambako kila eneo la nchi lina mashindano yake. Kanuni moja waliiongeza wenyewe: lazima jaji mmoja awe mwenyeji wa nchi inayoandaa. Zamu ya Nairobi ilipofika, jopo likakosa Mkenya. Yule waliyekuwa wamemtegemea, mwenye baa fulani, alikuwa mvutaji wa sigara, na Shefu akasema pua iliyokaushwa na moshi haiwezi kufanya kazi hiyo. Akawaambia ana mfanyakazi asiyevuta, asiyekunywa, asiyejipaka marashi. Aliponiambia alikuwa ameshanitaja.

Nilikwenda kumwuliza mume wangu. Yeye ni fundi wa vyuma, ana kibanda chake karibu na Riruta, na siku hiyo alikuwa akichomelea lango la ploti ya mtu. Alivua miwani, akanisikiliza, akaniuliza kama nitameza. Nikasema hapana, unaonja na kutema. Akasema basi hiyo ni kama mpishi wa harusi kuonja mchuzi, akarudisha miwani usoni.

Jumapili iliyofuata nilimweleza pia kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, ninakoimba sauti ya pili. Ni mama mwenye saluni Kawangware 56, mtu ninayemheshimu, na nilitaka asikie kutoka kwangu. Nilimweleza yote: mashindano, vikombe, kutema. Alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo. Alisema, "Si ni kazi? Kazi ni kazi, dada. Enda tu." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Mafunzo yakaendelea kila mchana mkahawa ukishatulia. Vikombe vya kuonjea ni vyeupe, na chini ndani vina miduara miwili ya buluu. Ukitazama na uone miduara imekaa wazi, ukingo wake umekatika vizuri, kinywaji ni safi. Ikionekana kama imepitiwa na moshi, kuna jambo. Baada ya jicho ni pua, baada ya pua ni mdomo. Unatoa alama kuanzia moja hadi tano, na moja ndiyo bora. Hilo halikunisumbua. Shule niliyosoma, namba wani alikuwa namba wani.

Kilichonisumbua ni maneno. Kulikuwa na karatasi ngumu yenye maneno ambayo jaji anaruhusiwa kutumia, nayo ilijaa matunda ambayo huwa nayaona supamaketi yamevishwa soksi ya wavu. Kila nilipoinusa sake, nilichokiona kichwani hakikuwa humo. Nilisema hii inanuka ndizi iliyoanza madoa; Shefu akasema ndizi ipo, lakini ya madoa haipo. Nilisema hii ni sufuria ya wali wa pishori ikianza kuchemka kabla hujapunguza moto. Akafikiri, akapitisha kidole kwenye karatasi, akasema chagua "mchele". Nikasema mchele mkavu hauna harufu hiyo. Akasema najua, lakini chagua "mchele". Nilisema hii inanuka mabati mvua ikianza. Hapo alitazama dirishani kwa muda, akaniambia hilo nibaki nalo mwenyewe.

Hakuwa mtu mbaya. Kuna siku alinieleza kwa nini mambo haya yalikuwa makubwa kwake. Baba yake alikuwa mpishi wa sake katika mji mdogo wenye baridi, na kila mwaka, baridi ya kwanza ilipoingia, alipeleka chupa kwenye mashindano ya eneo lao. Wiki ya matokeo alikuwa hali mezani. Alikula amesimama, mlangoni, akitazama barabara. Shefu alisema walioonja hawakuwa wafanyabiashara wala wanywaji. Walikuwa wataalamu wa ofisi ya kodi ya eneo.

Nikamwuliza kama nimesikia vizuri. Watu wa kodi?

Akasema ndiyo. Kwao ofisi ya kodi ndiyo ina maabara ya pombe, ndiyo inamfundisha mpishi akikosea, na ndiyo inampa cheti akifaulu. Alishangaa nilivyoshangaa.

Jumamosi moja kabla ya mashindano nilikwenda Kibera kumwona mama. Anakaa Gatwekera hadi leo, katika nyumba ileile, ila sasa anauza sukuma wiki mlangoni badala ya kupika. Aliokoka baada yetu sote, na alipoacha busaa aliiacha siku moja, akauza mitungi. Nilimkuta amekaa kwenye stuli, magoti yamevimba, akikata sukuma nyembamba kama uzi. Nikachukua kisu kingine nikakaa.

Nilimwambia habari za mashindano polepole, nikiogopa. Hakukasirika. Alitaka kujua mchele unafanywaje. Nilimweleza kwamba wanausugua hadi ubaki kiini, wanaupika kwa mvuke, wanaupandisha ukungu wa aina fulani, halafu unachachuka kwenye pipa kwa baridi. Aliuliza kama unga wake wanaukaanga. Nikasema hawakaangi chochote.

"Sasa itanukaje?" akauliza, na kwa kweli alitaka kujua.

Kwake pombe bila unga uliokaangwa haikuwa imeanza. Tulipokuwa watoto alikuwa akiuvundika unga wa mahindi hadi uchachuke, kisha anautandaza kwenye bati pana juu ya moto nje, na kazi yetu ilikuwa kuugeuza kwa mti mrefu macho yakitoka machozi. Baadaye ndipo unga ulipoingia kwenye maji pamoja na kimea cha wimbi. Alikuwa akiketi mbali na moto, hatazami kabisa, na kwa pua tu anasema "geuza" au "toa".

Nikamweleza ile habari ya watu wa kodi. Aliacha kukata.

"Yaani serikali yao ndiyo inaonja?"

"Ndiyo, mama."

"Na wakishaonja?"

"Wanampa mpishi cheti."

Alirudi kwenye sukuma yake. Akasema, "Hata yetu ilikuwa inaonja. Askari walikuwa wanakunywa kwanza, ndio wamwage."

Aliyasema bila kucheka. Nakumbuka siku hizo. Nakumbuka mtungi ulivyotoa sauti ukipinduliwa, na busaa ikikimbia kwenye mtaro mpaka mlango wa jirani, na mama akiwa amesimama tu, mikono ameifunga kwa leso, kwa sababu ukisema neno unabebwa. Nilipotoka Gatwekera siku hiyo nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Haikuwa ya Shefu wala ya baba yake aliyekula amesimama.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa hoteli kubwa mjini. Walikuwa wamewasha mashine za baridi hadi nikajuta kutobeba sweta. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, kila kimoja na namba, chupa zenyewe zimefichwa chumba kingine ili mtu asijue anaonja ya nani. Chini ya kila meza kulikuwa na ndoo ya kutemea. Jaji mkuu alikuwa mama mmoja wa Kijapani aliyesafiri kuja, mtulivu, nywele fupi za mvi, na Shefu alikuwa ameniambia kwamba ameonja katika mashindano ya maeneo mengi ya kwao. Wengine wote kwenye jopo walikuwa waagizaji na watu wa mahoteli kutoka nchi za jirani. Nilisalimia kila mtu, nikafunga aproni yangu mpya, nikaanza.

Nitasema ukweli kwamba nilifurahia. Ukumbi ulikuwa kimya kama mtihani wa kitaifa, kila mtu na mwendo wake, na nilikuwa natema kwa mstari mwembamba kuliko baadhi ya waliozoea. Kwa muda nilisahau nilikotoka na ninakorudi. Kulikuwa na kikombe, na mimi, na kikombe kinachofuata.

Katikati ya meza ya pili nikafika kwenye kikombe kilichokuwa na rangi ya majani makavu. Nilikiinamia, na papo hapo nikasikia bati la mama. Si karibu na hilo wala mfano wake. Lenyewe, ile nukta kabla unga haujaungua, ile nukta ambayo angesema "geuza". Chini ya hiyo kulikuwa na utamu wa karanga, na mdomoni ilikaa muda mrefu hata baada ya kutema. Nilikipa moja. Hakikuwa na mwenzake pale ukumbini, na mkono wangu haukusita.

Baada ya duru ya kwanza alama zilisomwa ili majaji waliotofautiana sana wapate nafasi ya kuonja tena. Kikombe hicho wenzangu wote walikuwa wamekipa nne na tano. Jaji mkuu alikuja hadi nilipokuwa, akainama kidogo kwa heshima, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama nilikuwa nimechanganya vikombe. Nikaonja tena mbele yake. Nikasema sikuchanganya.

Akaeleza kwamba hiyo ni harufu ya kuzeeka na joto. Sake ya aina ile haitakiwi kuwa nayo. Ni kasoro, na iko kwenye karatasi upande wa kasoro. Aliniambia nina ruhusa ya kubadilisha.

"Kwangu mimi ni nzuri," nikamwambia.

"Nzuri namna gani?"

Nikatafuta. Nilikuwa na unga, na moto, na mti wa kugeuzia, na mama yangu ameketi mbali na moshi, na hapakuwa na neno hata moja la hayo kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwangu. Nikasema tu, "Inanuka chakula." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgeni, akarudi kwenye nafasi yake. Sikubadilisha.

Wakati wa chai ndipo nilipoelewa hesabu zao. Katika kila kikombe, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, zinazobaki ndizo hujumlishwa. Ni sheria nzuri, inazuia mtu mmoja kuharibu kazi ya wengi. Lakini kijana aliyekuwa akijumlisha, mwenye tai nyembamba, aliniambia kwa kicheko cha kirafiki, "Mama, yako nyingi zinaanguka. Uko juu, uko chini, katikati hukai." Alidhani ananichekesha. Nilikunywa chai yangu. Mafunzo ya miezi, kutema hadi midomo ikakauka, mchana wote nilioacha kupumzika, na alama zangu nyingi zilikuwa zimekwenda kule kule ilikokwenda sake kwenye ndoo.

Matokeo yaliposomwa, chupa iliyoshinda ilikuwa moja niliyoipa tatu. Sikuwa na ubishi nayo. Ilikuwa safi, haikukosea, haikusema kitu. Ila mwandalizi alinyakua kipaza sauti, akatangaza kwamba mwaka huu jopo lilikuwa na jaji wa Kenya, mama wa Kawangware, na watu wakapiga makofi marefu kuliko waliyompigia mshindi. Nikaitwa mbele nisimame karibu na chupa. Mpiga picha akataka niweke kikombe mdomoni. Nikamwambia nimemaliza kuonja. Akasema ni ya picha tu, hakina kitu ndani. Na ni kweli hakikuwa na kitu. Nikakiinua.

Picha hiyo ilifika Kawangware kabla yangu. Waandalizi waliiweka mtandaoni, mtu akaichukua, na kufikia jioni ilikuwa kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa: mimi, macho nimefumba nusu kwa sababu ya mwanga, kikombe mdomoni, na nyuma yangu bango lenye neno sake kubwa kama mlango. Hakuna aliyeandika kitu kibaya. Waliandika "Mungu atusaidie" na vikaragosi vya mikono ya maombi. Nilisubiri kiongozi wa kwaya aseme neno moja, kwamba nilimwambia, kwamba alijua. Nilimwona ameisoma. Hakuandika chochote.

Jumatano pasta aliniita. Kanisa letu ni la mabati, na ofisi yake ni pembe moja iliyokatwa kwa mbao, spika zimepangwa hadi juu. Ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa umri, na aliniita "mama" muda wote. Nilimweleza tangu mwanzo: kazi, sheria ya jaji mwenyeji, kutema. Nikamweleza kwamba kikombe cha kwenye picha kilikuwa kitupu. Aliniamini, na hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi, kwamba aliniamini na haikusaidia.

"Mama, mimi sisemi umekunywa," akasema. "Lakini anayetema na anayemeza, wote wamefungua mdomo."

Nikamwambia nilikuwa nimemjulisha kiongozi wa kwaya mapema. Akasema ameshaongea naye, na yeye anakumbuka niliongea kuhusu kazi ya hoteli, lakini pombe hakumbuki. Nilitaka kumwuliza vipi kuhusu wenye ploti wanaokaa viti vya mbele, ambao nyumba zao za chini zimepangishwa baa pale steji, na sadaka yao hainuki. Sikuuliza. Ningeuliza ingekuwa kashfa, na suala lingekuwa ulimi wangu badala ya kikombe. Akaniambia nipumzike kwenye kwaya kwa muda, watu watulie. Nikauliza ni muda gani. Akasema Roho ataongoza.

Siku chache baadaye nilimwuliza Shefu kuhusu kile kikombe. Nilikuwa nimekibeba kichwani muda wote huo, na ndani yangu nilikuwa nimeshakijengea hadithi: labda ni ya mpishi mzee anayefanya kwa njia ya zamani, labda ni ya kijiji fulani ambako wanaukaanga mchele, labda wale wote walikuwa hawaijui. Shefu alipiga simu kwa waandalizi, akaongea kwa Kijapani, akakata. Alikuwa akipangusa kisu chake.

Akaniambia ilikuwa sake ya kawaida, ya bei nafuu, nzuri tu ikiwa mpya. Katoni yake ilikuwa imewekwa karibu na dirisha la ghala, jua la mchana likaipiga kwa miezi. Mwagizaji mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba chupa iliyochukuliwa ilikuwa imeharibika.

Nikasema, "Lakini ilinuka kama nyumbani."

"Najua," Shefu akasema. "Ndiyo sababu tunajifunza kasoro. Ukionja, nyumbani kwako kuache mlangoni."

Nikamwuliza kama yeye hukuacha kwao. Aliweka kisu mahali pake, akaenda kuosha mchele wa jioni. Kwa hivyo nilikuwa nimekosea, na sikuweza hata kujifariji kwamba nilidhulumiwa. Waliondoa alama yangu na walikuwa na haki ya kuiondoa. Lakini hata leo, ukiniletea kikombe kile na uniambie kiliungua juani, pua yangu itakipa moja. Nimejaribu kuisahihisha, haikubali, na sina wa kumlalamikia.

Baadaye wakaja nyumbani akina mama wawili waliotumwa na kamati ya kanisa. Niliwapikia chai, nikafunga mlango kwa sababu jirani alikuwa amewasha redio. Waliongea vizuri. Walisema njia iko wazi: nisimame mbele ya ibada, niseme nimetubu, nivikwe tena joho la kwaya Jumapili hiyohiyo. Mmoja wao alikuwa amenishika mkono.

Nikawaambia ningeweza kutubu kumeza, lakini sikumeza. Kutubu kutema sijui kunaanzaje.

Yule aliyenishika mkono akasema si lazima nieleze ni nini, niseme tu "nimekosa". Watu wanajua. Nikasema hapo ndipo shida ilipo, kwamba watu wanajua. Wakaomba, maombi marefu yaliyonizunguka bila kunitaja, wakamaliza chai, wakaondoka wakinipungia vizuri mpaka kwenye lango la ploti. Mume wangu aliporudi alinikuta nasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa. Aliuliza kumetokea nini, nikamweleza, akasema makanisa ni mengi hapa Kawangware, hata kutoka mlangoni petu unasikia manne kwa wakati mmoja. Alimaanisha vizuri. Lakini sikutaka mengi. Nilitaka lile ambamo sauti yangu ya pili ilikuwa imezoeleka, ambamo nilikuwa nimebatizia watoto wangu na kumzikia shemeji.

Mama nilimwambia habari ya kwaya kwa simu. Akasema kwamba alipookoka yeye walimpokea na historia yake yote ya pombe, wakamwimbia, na sasa mtoto wake aliyeokoka tangu zamani ametolewa kwa kikombe kitupu. Kisha akaniuliza kama watoto wamekula.

Zamu iliyofuata mashindano yalikwenda mji mwingine wa kanda, na baada ya hapo yakarudi tena Nairobi. Nilijua kwa sababu chupa zilianza kupita mkahawani. Nilisubiri Shefu aniambie. Mwishowe aliniambia akiwa amesimama wima, mikono kwenye mapaja, namna anavyosimama akiwa na jambo zito. Waandalizi wamempata meneja wa hoteli moja, Mkenya, aliyesomea vinywaji ng'ambo na anayeijua ile karatasi kwa moyo. Walinishukuru sana. Walitaka tu kujua kama wanaweza kuendelea kuitumia ile picha yangu kwenye matangazo.

Nilisema hapana. Shefu akasema atawaambia. Sijui kama aliwaambia. Picha bado iko.

Kazi sijaiacha. Mteja akitaka kujua sake ipi inafaa na samaki gani, wenzangu hunielekezea mimi, nami humweleza kwa maneno ya kwenye karatasi, maana akisikia pishori na mabati ataagiza bia. Joho la kwaya nilirudisha mwenyewe, nimelifua na kulipiga pasi. Jumapili nyingine huenda kanisani Kibera na mama. Nyingine, na ndizo nyingi, narudi palepale kwetu, nakaa benchi la nyuma kabisa na wageni na akina mama wenye watoto wanaolia. Tangu niondoke, kwaya huanza nyimbo juu mno, na sauti ya pili imebaki na pengo. Kiongozi analisikia, namwona anavyokunja uso. Wakifika kwenye kiitikio naimba sehemu yangu kutoka huko nyuma, yote, kwa sauti yangu ya kawaida. Wa mbele hugeuka kutazama. Mwangalizi wa mlango aliwahi kunisogelea, akasimama karibu hadi kiitikio kikaisha, akarudi mlangoni.